Mama Vumilia na Tuta Lisilokuwa Kwenye Mchoro

Miaka thelathini na mitatu, miezi minne na wiki mbili: huo ndio muda ambao Bi. Apolonia Masele ameitumikia Kampuni ya Lambojema, wachimbaji wa malambo ya kunyweshea mifugo. Alianza Jumatatu ya Mei 13, 1991, na Ijumaa hii ya Septemba 27, 2024 anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Sisi kazini tunamwita Mama Vumilia, kwa jina la bintiye wa kwanza. Wafugaji kuanzia Ibadakuli hadi Katoro wanamwita Mayu wa Katapila, yaani Mama wa Katapila kwa Kisukuma, na nina hakika wengi wao hawajui kwamba ana jina jingine.

Euphrasia wa ofisini, anayetayarisha kijitabu hiki cha sherehe, aliniomba mimi Davis, mpimaji, niandike ukurasa mmoja wa furaha. Alisisitiza neno furaha. Nimejitahidi, ila ukurasa umekuwa zaidi ya mmoja na mbele kidogo kuna jambo zito. Wenye haraka waanze na pilau, nitawakuta.

Bi. Apolonia alizaliwa Ushirombo katika familia ya wakulima, watu wa jembe na misa ya kwanza. Alipokuja kwetu hakuja kuendesha chochote. Aliajiriwa kushika rula, ile fimbo ndefu yenye namba ambayo mpimaji huitazama kwa mashine kutoka mbali. Kazi hiyo humtaka mtu asimame wima juani na kunyamaza. Kusimama aliweza. Kunyamaza kulimshinda, kwa sababu kila mpimaji alipotaja ardhi inashukia wapi, yeye alikuwa ameshaona. Mpimaji wa zamani aliyemkaripia kwa hilo aliishia kumuuliza kwanza kabla ya kufungua mashine yake.

Njia yake ya kupima mnaijua. Anakunywa chai hadi ibaki robo kikombe, anamwaga chini, anaangalia inaelekea wapi. Mimi nina cheti cha upimaji na mashine ya Kijapani, na katika miaka kumi na tisa niliyofanya naye kazi chai yake imenishinda mara nne. Tatizo ni moja tu: anaweka sukari vijiko vinne, kwa hiyo kila saiti yetu huwa na sisimizi kabla haijawa na maji.

Mwaka 1996 dereva wa katapila aliacha mashine katikati ya shimo, akaenda machimboni Geita kutafuta dhahabu. Hadi leo hatujasikia kama aliipata. Wakubwa walikuwa wanatafuta dereva mwingine Mwanza wakati Mama Vumilia alipopanda, akawasha, akamalizia lambo lile kwa siku tano. Walipokuja na dereva wao, walikuta ng'ombe wanachungulia shimo. Kuanzia hapo rula ikashikwa na mtu mwingine.

Amechimba malambo hamsini na manane. Niliyahesabu kwenye madaftari ya stoo, na yeye aliyahesabu kichwani, tukapata idadi ileile. Mvua za Elninyo za mwaka 1997 na 1998 zilipopasua matuta ya watu wengi katika ukanda huu, la kwake halikupasuka hata moja. Alipata kuniambia kwamba mvua ikinyesha sana halali vizuri, anayapitia malambo yake moja moja kwa majina ya vijiji, kama mama anayehesabu watoto waliotoka. Sidhani kama alisema hilo kwa mtu mwingine, na anisamehe kwa kulitoa hapa.

Alikuwa pia na mkaguzi wake. Hakukabidhi lambo kwa kijiji hadi ng'ombe mmoja, na ng'ombe mzee akipatikana ni vizuri zaidi, ashuke kingo, anywe, apande kurudi bila kupiga goti. Ng'ombe akipiga goti, mama anapanda tena katapila na kulaza kingo upya. Wahandisi vijana walicheka. Baadaye walikuja kuniuliza kwa siri ng'ombe huyo anapatikana wapi.

Sasa nifike kwenye bwawa la mwisho, ambalo si lambo, na hapo ndipo palipo na kisa chote.

Mwezi Julai mwaka huu ilikuja kazi ambayo Meneja wetu, Bwana Magesa, aliisoma mara mbili. Klabu ya warukaji wa parachuti ilikuwa imekodi shamba lenye kiwanja kidogo cha ndege, upande wa Kahama kuelekea Ushirombo, na walitaka bwawa la kutua. Warukaji hawa hawashuki polepole wakipunga mikono. Wanatumia parachuti ndogo sana. Wakikaribia chini wanakata kona kali, wanashuka kwa kasi ya gari la barabara kuu, halafu wananyooka na kuteleza juu ya maji huku kidole cha mguu kikichora mstari. Bwawa lipo ili mtu akikosea aangukie maji, asiangukie ardhi. Mchoro ulisema urefu mita themanini, upana kumi na tano, kina kifike mapajani, kingo zilale kama sahani, na udongo wote uliochimbwa ubebwe upelekwe mbali.

Wanakijiji walikuja kuangalia kila siku. Mfugaji mmoja aliuliza maji yale ni ya nani, akaambiwa ni ya watu wanaotoka angani. Alifikiri kidogo.

"Mayu," alimwambia Mama Vumilia, "mimi sina neno na watu wa angani. Ila wao wanakunywa?"

Mama alimjibu kwamba hawanywi, wanapita tu. Yule baba aliondoka akitikisa kichwa, na ukweli ni kwamba hata sisi hatukuwa tumeelewa zaidi yake.

Muulize mtu yeyote wa kanda hii lambo ni nini. Atakuambia ni shimo na tuta. Unachimba huku juu, udongo unauweka kule chini, tuta linazuia maji. Mtoto wa darasa la pili anajua hivyo. Basi Mama Vumilia alipotazama mchoro na kuona shimo bila tuta, hakufikiri kwamba kuna sababu. Alifikiri wamesahau. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo mstari wa tuta ungepaswa kuwa.

"Wamesahau watoto wa watu," alisema. "Tuwawekee tu, tusiwaaibishe."

Nami nilikubali, kwa sababu niliona vilevile. Aliliweka mwisho wa chini wa bwawa, kimo cha kiuno, limekandamizwa vizuri na kufunikwa majani yaliyomwagiliwa kila asubuhi. Lilikuwa tuta zuri. Halikuzuia hata tone, kwani maji ya kisima kirefu yaliyojaza bwawa lile yalikaa chini ya usawa wa ardhi, lakini nani angeangalia hilo? Liliturudishia kitu tulichokizoea, tukaona kazi imekamilika.

Ukaguzi ndio uliobaki. Klabu walikuwa wamezungushia uzio na ng'ombe hawakuruhusiwa kukanyaga pale. Kwa hiyo badala ya ng'ombe, nikakagua mimi. Nilipima shimo, nikapima kina, nikapanda juu ya tuta na kukaa hapo kula karanga zangu, kisha nikaandika kwenye fomu: kazi imefuata mchoro. Nikasaini. Naomba mlikumbuke hilo: tuta lilikuwepo, nilikuwa nimelikalia, na nilisaini.

Alhamisi ya Agosti 29, siku mbili kabla ya uzinduzi, klabu walinitumia video ili tuone bwawa litakavyotumika. Tuliitazama pale saiti kwenye simu yangu, wakati wa chai ya saa nne. Sisi wengine tulishangilia jinsi maji yalivyoruka. Mama Vumilia aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena, na tena, hadi nikamwambia bando linaisha.

"Davis, huyu anaishia wapi?"

"Si hapo majini, mama."

"Hapana. Acha maji, angalia miguu. Anaishia nchi kavu."

Niliangalia miguu. Mrukaji alikuwa amevuka bwawa lote, akatoka upande wa pili miguu ikiwa karibu kugusa majani, akateleza hatua nyingi kabla ya kusimama. Upande ule wa pili, kwetu sisi, palikuwa na tuta. Na lilikuwa na majani ya kijani juu ya majani ya kijani, kwa hiyo mtu anayetoka juu asingeliona hata kidogo. Angeona uwanja tambarare hadi lingempiga magotini au tumboni.

Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Alikiweka chini, akatembea hadi kwenye tuta, akasimama akiligusa kwa kiuno chake. Nilimfuata nikiwa na wazo langu, na kwa kuwa leo nasema kweli nitalisema lilivyokuwa. Nilimwambia tulibomoe kimyakimya. Siku mbili zinatosha, hakuna aliyeliandika popote, hakuna atakayejua.

"Na katapila likigoma?" aliniuliza. "Katapila linagoma, Davis. Simu haigomi. Piga, waambie wasiruke."

Nilimpigia Meneja na kumpa mama simu. Alisema moja kwa moja, bila kuzunguka: ameweka tuta ambalo halimo kwenye mchoro, liko mahali ambapo watu watapita kwa kasi, mtu asiruke Jumamosi. Bwana Magesa aliuliza ilikuwaje basi mimi nikasaini. Nilikuwa hatua moja kutoka kwa mama na nilisikia swali na jibu.

"Davis alipima mapema," alisema Mama Vumilia. "Tuta niliongeza baada ya yeye kusaini."

Hiyo haikuwa kweli. Aliponirudishia simu, niliikata na kuitia mfukoni.

Uzinduzi ulisogezwa hadi Jumanne. Mchana uleule wa Alhamisi mama akaanza kubomoa. Nimemwona mama huyu akifanya kazi katika vumbi, homa na msiba wa mama yake mzazi, lakini sijawahi kumwona kama siku ile. Matuta yake hamsini na manane yalikuwa yamesimama, na sasa alikuwa akiliangusha moja kwa mikono yake, zima, lisilo na ufa. Baada ya kulikata mara ya kwanza alizima mashine, akashuka, akachukua bonge la udongo na kulivunja kiganjani kuona lilivyoshikamana.

"Tuta lenyewe halina kosa," alisema, akapanda tena.

Alimaliza Jumapili jioni baada ya misa, akasawazisha hadi chai ilipomwagwa ikakaa palepale haijui iende wapi. Udongo tuliupeleka shule ya msingi ya jirani kujazia uwanja wa mpira.

Jumanne kijiji kizima kilikuwa kwenye uzio. Wa tatu kuruka alikuwa Violeth, binti wa Katoro, mtoto wa muuza vitenge ambaye alijifunza mchezo huu Afrika Kusini na kurudi nao nyumbani. Alikata kona yake mapema mno, akaingia kwa kasi kuliko wenzake, akavuka bwawa akaendelea. Watu waliangalia maji. Mama Vumilia hakuangalia maji. Alikodoa macho mahali palipokuwa na tuta, mkono umeshika waya wa uzio, na Violeth alipapita pale kama upepo, miguu yote miwili ikilaza majani, akasimama mbali kabisa na kuinua mikono juu. Kijiji kililipuka kwa vigelegele.

Alikuja kutusalimia akiwa amejaa jasho na furaha.

"Shikamoo mama. Asante kwa bwawa, ni zuri sana."

"Marahaba mwanangu," mama alimjibu. "Pale ulipopita, Alhamisi palikuwa na tuta. Niliweka mimi. Kimo hiki." Akaonyesha kiunoni.

Binti alitazama mkono ule. Furaha ilimtoka usoni.

"Ningekufa, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Violeth aliondoka bila kuaga, na sikumlaumu. Baada ya nusu saa alirudi na kofia yake ngumu mkononi. Hakuzungumza habari ya kusamehe. Alimwomba mama watembee pamoja kutoka mwisho wa bwawa hadi mahali aliposimama, hatua kwa hatua, amwonyeshe palipo imara na palipo udongo mpya. Walitembea mara tatu, wameinamisha vichwa, mama akikanyaga kwa kisigino na binti akikanyaga baada yake. Ndipo akaenda kuruka tena.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya onyo. Ilisema Bi. Apolonia Masele alijenga nje ya mchoro baada ya ukaguzi kukamilika, akachelewesha kazi ya mteja. Ni barua ya kwanza ya aina hiyo katika jalada lake tangu 1991, na ilifika zikiwa zimebaki siku kumi na nane. Simlaumu Bwana Magesa, aliandika alichoambiwa. Mama aliisoma, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa ovaroli.

Nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Utaratibu wetu sote tunaujua: kazi ikishakaguliwa na kusainiwa, kosa lililopitishwa ni la aliyesaini. Angesema kweli, barua ingekuja kwangu.

"Wewe unayo moja tayari," alisema. "Ya pili inakutoa, na watoto wako bado wadogo. Mimi natoka hata bila barua."

Nilimwambia uongo ni dhambi, mama, na wewe ni mtu wa kanisa.

"Nimeshaungama kwa padri," alinijibu. "Langu limekwisha. Lako unalo mwenyewe."

Nimekaa nalo wiki mbili na nusu. Limenizuia kula, na wanaonijua wanafahamu kwamba si kawaida. Nilianza kuandika wasifu huu mara nne, na kila mara nilipofika kwenye sentensi ya kusema ametumikia kwa uaminifu mkubwa, kalamu iligoma, kwa sababu kwenye faili lake kulikuwa na karatasi iliyosema jambo lingine, na karatasi hiyo iliwekwa pale na ukimya wangu.

Jana asubuhi nilimpelekea Bwana Magesa maelezo yangu kwa maandishi. Yanasema tuta lilikuwepo siku niliyopima, kwamba nililiona, nililikalia, na nilisaini. Kuliweka lilikuwa kosa lake, na alilikiri ndani ya saa moja baada ya kulitambua. Kulipitisha ni kosa langu, na limenichukua wiki nne kulikiri. Nimeomba barua iondolewe katika jalada lake. Nilimpa Meneja pia kurasa hizi, isipokuwa aya hii niliyoiongeza baadaye, azisome kabla hazijafika kwa Euphrasia. Alizisoma zote akiwa amesimama, akauliza kama nina hakika, akasema zichapwe kama zilivyo. Kisha alifungua kabati, akatoa barua ile kwenye jalada la Bi. Apolonia mbele yangu na kuichana. Yatakayonipata mimi nitaambiwa Jumatatu.

Mama Vumilia hajui lolote kati ya haya. Anayasoma sasa hivi, hapa ukumbini, pamoja nanyi. Mlioketi karibu naye mumpe nafasi anikasirikie kwanza, halafu mumpigie makofi, maana ameondoka kazini na jalada jeupe kama alivyostahili.

Kwa niaba ya wote tuliokunywa chai yake na kula vumbi lake, mama, tunakushukuru. Tunawashukuru mumeo Mzee Adam, Vumilia na wadogo zake kwa kutuazima wewe muda mrefu hivi. Nenda Ushirombo ukapumzike, mvua ikinyesha ulale, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya kukaa kivulini bila kupima mteremko wa kitu chochote. Na siku yoyote utakayopita ukaona nimekosea kazi, mama yangu, usinifichie tena.